Saa Isiyo na Kifani

Ipo nchi. Sisemi ilikuwapo hapo kale, maana ipo leo, saa hii, na kama unasoma haya ndani ya gari lisilosogea basi chungulia dirishani, huenda umo. Jina lake silitaji. Si woga. Ni kwamba miguu yangu haijachoka, mipaka yake nitaipita tena, na walinzi wa mipakani siku hizi wanasoma.

Niliingia nchi hiyo juu ya lori la vitunguu. Dereva wake, mtu mmoja mnene aitwaye Chande, alinipakia bure kwa sharti kwamba nimpigie soga asije akasinzia. Porini kote tulikwenda vizuri. Tulipofika mjini, pale inapoanza Barabara ya Haraka, Chande akazima injini, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini.

"Tumefika?" nikamwuliza.

"Tumeingia, mzee. Kufika ni neno jingine."

Mbele yetu magari yalibanana kama meno ya kitana mpaka kwenye Kipilefti cha Maendeleo, ambacho ni fahari ya mji ule. Barabara saba zinaingia pale. Mchoraji alipokumbuka kwamba zinatakiwa pia kutoka, utepe ulikuwa umeshakatwa na hotuba zimeshasomwa. Tangu siku hiyo anayetaka kutoka hupanda ukingo wa maua na kumwachia Mungu yaliyobaki. Ng'ambo ya kipilefti lilionekana paa jeupe la hospitali kubwa. Lilionekana vizuri sana. Nadhani hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote.

Ubavuni petu ilisimama bajaji ya buluu, na aliyeshika usukani alikuwa mama wa makamo, kilemba kimefungwa barabara, jina lake Siwatu. Nyuma aliketi mumewe, Mabruki, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa linachoma. Figo zake zilikuwa zimegoma, na kila juma ilimlazimu kulazwa kwenye mashine ya hospitali ile asafishwe damu. Bajaji ilikuwa yake. Aliiendesha miaka na miaka katika mji huo huo, mpaka siku mkewe alipomwondoa kwenye usukani na kumkalisha viti vya abiria.

"Mzee, usiniangalie hivyo," akaniambia kutoka chini. "Mimi sijafa. Niko kwenye foleni tu."

"Pole, ndugu yangu."

"Mimi ni kama hii bajaji. Oili ikichafuka napelekwa gereji, wanaimwaga, wananitia nyingine, narudi barabarani. Shida ni kwamba fundi yuko kule na mimi niko huku."

"Baba Zena, acha maneno," mkewe akasema bila kugeuka. "Pumzi hizo zitunze."

"Nikiziweka akiba zitazaa?"

Chande akacheka mpaka lori likatikisika. Hivyo ndivyo tulivyokuwa majirani.

*

Karani alikuja kwa miguu, maana kazi ya kuhesabu foleni haifanyiki kwa gari. Jina lake Nsajigwa. Alivaa tai, na kishikwambi kilikuwa kimening'inia kifuani mwake kama kengele ya mbuzi. Alieleza kwamba serikali imekusudia kukadiria kisayansi foleni inalitafuna taifa kiasi gani, kwa hiyo kila mtu aseme saa yake moja ina thamani gani.

Akaanza na Chande.

"Inategemea," Chande akasema. "Unanunua?"

"Jibu swali, ndugu."

"Andika bei ya gunia la vitunguu kabla halijaota. Likishaota usirudi kuniuliza."

Akanigeukia mimi. "Mzee wangu, unafanya kazi gani?"

"Natembea."

Akatafuta kwa kidole. "Natembea haimo."

"Andika napita."

"Napita nayo haimo. Nitakuweka kwenye Mengineyo. Mengineyo ni sifuri, usijisikie vibaya."

Sikujisikia vibaya. Shuleni pia walikuwa wakiniweka huko, katika kila shule niliyopitia.

Akafika kwenye bajaji. "Mama yangu, kazi yako?"

"Alfajiri nauza maandazi," Siwatu akasema, "mchana dereva, jioni muuguzi. Jumlisha mwenyewe."

"Inaruhusiwa moja tu, mama."

"Basi chukua maandazi."

"Na mzee hapo nyuma? Kazi yake?"

"Anaumwa."

"Kuumwa si kazi."

"Hujapata kuumwa wewe," Mabruki akasema.

Nsajigwa akaomba radhi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na nataka hilo likumbukwe kwa sababu ya yanayokuja. Akasema kanuni haikutungwa na yeye. Asiye na kazi, saa yake huhesabiwa sifuri, na foleni haimpotezei chochote kwa kuwa hana cha kupoteza.

Siwatu akashuka kwenye bajaji. Hakuwa mrefu, lakini aliposhuka karani alirudi nyuma mpaka akagusa mlango wa lori.

"Sifuri? Mume wangu sifuri? Huyu aliyebeba nusu ya mji huu mgongoni mwa hii bajaji? Mama yako wewe, siku ya kukuzaa, alipelekwa na nani? Na helikopta? Sikiliza, mwanangu. Saa ya mume wangu haina kifani. Umesikia? Haina kifani! Andika!"

Sasa, kishikwambi kile kilikuwa na mahali pa kuandika tarakimu. Lakini pembeni, kwa heshima na kwa ajili ya Mkuu wa Nchi peke yake, kiliwekwa kitufe cha rangi ya dhahabu chenye maneno "Isiyo na Kifani," kwa kuwa hakuna karani aliyethubutu kuiandikia saa ya Mkuu tarakimu. Nsajigwa akakitazama kitufe. Akamtazama mama. Alikuwa amefundishwa kubonyeza anachosikia. Akabonyeza.

"Mama Zena," Mabruki akasema, macho yamemtoka, "leo umenipandisha cheo."

"Nyamaza wewe." Lakini alikuwa anatabasamu, na alipokaa tena kwenye usukani alikinyoosha kilemba chake kama mtu aliyeshinda kesi.

*

Gari la pili nyuma yetu lilitoa ukelele. Mlango ukafunguka, akatoka mtu mwenye suti, kompyuta mkononi, jasho linamchuruzika. Huyo alikuwa Profesa Rweikiza, mwenye kielelezo cha kukadiria foleni, kilicholishwa tarakimu na kishikwambi cha karani. Alikuwa akienda ikulu kumsomea Mkuu ripoti ya foleni, naye foleni ilikuwa imemkamata.

"Nani amegusa mlinganyo wangu?" akauliza. "Ulikuwa na jumla. Sasa hauna mwisho."

Tulimpa maji. Akatulia, akatueleza kielelezo chake, na kwa kweli hakikuwa kigumu. Unachukua muda ambao mtu anaupoteza, unauzidisha kwa thamani ya saa yake, unaongeza mafuta yanayoungua bure, na moshi, na hasira.

"Hasira unaipimaje?" Chande akauliza.

"Kwa honi."

"Na anayenyamaza?"

"Huyo hana hasira."

Chande akamtazama Siwatu, Siwatu akatazama paa la hospitali, na hakuna aliyepiga honi.

Profesa alitaka kurekebisha hesabu, lakini simu ikalia: Mkuu hasubiri foleni, ripoti itasomwa sasa hivi na Mheshimiwa Bungala, Waziri wa Mwendo, kama ilivyoingia. Tukafungua redio ya lori.

Kabla sijasema tulichosikia, lazima nieleze desturi moja. Bibi zetu walikataza kutaja sindano usiku, ukitaka kuazima kwa jirani ulisema, "Nipe kile cha kushonea." Nchi ile imeichukua desturi hiyo, ikaipeleka ikulu, ikaitumia mchana. Mbele ya Mkuu neno "hasara" halitamkwi. Wala "gharama," maana hilo ni mtoto wa hasara. Husemwa "thamani." Waziri wa Afya huripoti thamani ya kipindupindu. Ghala la serikali likiungua, husemwa moto ulikuwa wa thamani kubwa. Nchi nzima inaelewa, isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye desturi imewekwa kwa ajili yake.

Redio ikakohoa. Sauti ya Mheshimiwa Bungala ikapanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Mtukufu Mkuu, Baba Mlezi wa Barabara na Vichochoro! Wataalamu wako, wakiongozwa na maono yako, wakiangaziwa na busara yako, wamebaini pasi na chembe ya shaka kwamba foleni ya Barabara ya Haraka ina thamani... ina thamani..." Hapo karatasi ikapekuliwa. "Isiyo na kifani!"

Tukasikia maji yakimiminwa kwenye glasi.

"Isiyo na kifani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mkuu mwenyewe.

"Isiyo na kifani, Mtukufu."

"Nchi yangu ina mali ya namna hiyo, imelala barabarani, na mimi sijaambiwa?"

"Tulikuwa tunaipima, Mtukufu."

"Na hizo barabara za juu mlizokuwa mnaniomba fedha, zilikuwa za kazi gani? Mlikuwa mnataka kuiondoa?"

Karatasi ikapekuliwa tena. Kisha Waziri akasema, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake:

"Hapana, Mtukufu. Tulikuwa tunataka kuirefusha."

Makofi yakapigwa. Profesa akakaa chini juu ya lami.

"Mpigie simu mwambie," Siwatu akasema. "Mwambie thamani ni hasara."

"Kwa neno gani, mama?" Profesa akauliza. "Hilo neno haliruhusiwi kupita getini."

Hakukaa sana pale chini. Msafara ulikuja kumchukua, ukipita upande usio na magari. Alikuwa ameteuliwa Mshauri Mkuu wa Rasilimali Foleni. Alipoingia kwenye gari alituambia kwamba hatatusahau, na hakutusahau, maana alirudi.

*

Amri zikaanza kushuka. Wizara ya Mwendo ikaitwa Wizara ya Foleni. Taa za kijani zilistaafishwa kwa manufaa ya umma na kuandaliwa tafrija ya kuagwa. Waziri alizishukuru kwa utumishi wao, ambao alisema ulikuwa mfupi. Anayeovateki akahesabiwa mwizi, na anayepita njia ya mkato mhujumu. Kila adhuhuri madereva wote walitakiwa kupiga honi pamoja kwa sauti ya wimbo wa taifa, nao waliupiga, na walikuwa hawajapata kupiga kitu chochote kwa pamoja tangu nchi iundwe. Wakopeshaji kutoka ng'ambo walikuja na kofia ngumu kichwani, wakagonga maboneti kwa vidole kama wanunuzi wa madafu, wakasema dhamana hii ni imara, haina dalili ya kutikisika.

Amri moja ilihusu watu. Foleni ni akiba, ilisema, na akiba haipunguzwi. Kwa hiyo mwenye thamani asitoke. Mwenye sifuri anaweza kwenda zake, kwa kuwa haongezi kitu.

Amri hiyo ilisomwa na askari kwa kipaza sauti, akitembea kati ya magari. Siwatu alikuwa anamnywesha mumewe maji, kijiko kimoja kimoja, maana mgonjwa wa figo hanywi maji kama mimi na wewe. Kijiko kikasimama hewani.

"Alitaka kumwandikia sifuri," akasema.

Akakirudisha kijiko kikombeni.

"Yule kijana. Alitaka kumwandikia sifuri, mimi nikashuka nikamgombeza."

"Ulinigombania vizuri," Mabruki akasema. "Nilifurahi mimi."

Mimi, kwa kuwa ni Mengineyo, niliruhusiwa kwenda nitakako. Nikavuka kipilefti, nikapanda ngazi za hospitali, nikamkuta muuguzi wa chumba cha kusafishia damu. Nikamwambia habari zote. Alikuwa anazijua.

"Kitanda chake kipo, mzee," akasema. "Mashine hii hapa. Yeye yuko pale. Katikati kuna serikali."

"Mashine haiwezi kuletwa?"

"Ina uzito wa ng'ombe, inakula umeme na maji safi. Ukiileta barabarani itaingia kwenye foleni, na ikiingia haitatoka." Akafungua kabati, akanipa vidonge kwenye karatasi. "Vitamsaidia kidogo. Kidogo sana. Mwambieni asile ndizi, figo mbovu haziziwezi."

Nikarudi na vidonge na habari ya ndizi.

*

Vitunguu vya Chande vilianza kuota. Majani ya kijani yalipenya magunia, na lori likawa kama bustani iliyopanda gari. Miguu ya Mabruki nayo ikavimba, ngozi ikang'aa, pumzi ikawa fupi, na maneno yake, ambayo yalikuwa hayaishi, yakaanza kuja moja moja.

"Mimi simwangalii tu hivi," Chande akasema asubuhi moja. Akafungua turubai la lori, akachomoa nguzo mbili, akafunga magunia matupu katikati, ikawa machela. Tukamlaza Mabruki. Chande akashika mbele, mimi nikashika nyuma, Siwatu akatangulia akisema, "Samahani, mtupishe, samahani, mgonjwa." Madereva walikunja vioo vya pembeni ili tupite. Mmoja alitoka kwenye gari akatusaidia kuinua machela juu ya boneti lake mwenyewe, ambalo lilikuwa jipya. Kipilefti kikawa hapa, maua yanaguswa kwa mkono. Paa jeupe likakua. Nakiri kwamba hapo nilianza kuamini.

Askari akasimama mbele yetu, fulana ya kung'aa, mkono juu.

"Mnaipeleka wapi mali ya taifa?"

"Hospitali, afande," Siwatu akasema. "Ni pale tu. Unapaona."

Askari akasoma namba iliyobandikwa kwenye blanketi, maana siku hizo tulikuwa tumeshabandikwa. Uso ukambadilika. "Huyu ndiye Isiyo na Kifani? Mama, akitoka huyu, nchi inabaki na thamani ya vitunguu."

"Usivitukane vitunguu vyangu, afande," Chande akasema, mishipa ya shingo imemsimama. "Tupishe."

"Siwezi."

"Una mama wewe?"

"Yuko kwenye basi lile la njano." Askari hakuwa anapaza sauti. "Ana presha. Kila siku napita dirishani kumsalimia, kisha naendelea na lindo. Mnadhani sijui njia ya hospitali? Mimi ndiye ninayeilinda."

Tulisimama hapo mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha tukageuza machela.

Jioni hiyo hiyo walikuja mafundi, wakaizungushia bajaji utepe wenye rangi za taifa na kuisimamishia mwavuli. Kibao kikawekwa: Usiguse.

*

Mheshimiwa Bungala alikuja kukagua. Alipita upande wa barabara usio na magari, ambao huachwa wazi daima ili mawaziri wawahi kwenda kuitazama foleni. Ving'ora vilitangulia, kamera zikafuata, na Profesa Rweikiza akiwa nyuma yake, suti mpya.

Kabla hawajafika, Mabruki alimwita mkewe. Nilikuwa nimekaa kwenye kanyagio la lori, nikasikia.

"Mama Zena. Mwambie sina thamani."

"Sisemi hivyo."

"Sema. Mwambie mimi ni gunia tupu. Nitakusamehe."

"Mbele za watu?"

"Kwani barabara hii ina mahali pa faragha?"

Waziri akahutubia. Alisema mataifa mengine yana dhahabu, na dhahabu huisha. Mengine yana mafuta, na mafuta huungua. Lakini sisi tuna subira, na subira ikikaa kwenye lami huzaa. Alisema vizazi vijavyo vitatukuta hapa hapa. Makofi yalipokwisha, Siwatu akaukata utepe kwa meno, akapiga goti.

"Mheshimiwa, nilisema uongo. Huyu mwanamume hana thamani. Hajawahi kuwa nayo. Ni mvivu, ni mgonjwa, hana kazi, hana akiba, mdomo mrefu, hata hii bajaji naendesha mimi. Saa yake ni sifuri. Niliandikisha vibaya kwa kiburi changu. Mwandikeni sifuri, mniruhusu nimtupe huko mbele."

Alisema yote hayo kwa sauti kubwa, bila kumtazama mumewe. Mabruki alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila tusi, kama mtu anayehesabiwa chenji yake na kukuta imetimia.

Waziri akaziambia kamera zizimwe. Akainama, na sauti yake ya kawaida, ambayo nadhani hata nyumbani kwake hawaifahamu, ikatoka.

"Mama, mimi najua. Sote tunajua. Lakini nitamwambiaje Mtukufu? Thamani imepungua? Neno 'imepungua' lilifutwa mwaka jana."

"Si lazima umwambie."

Siwatu akamgeukia Profesa. Profesa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimejaribu, mama," akasema. "Nakuapia nimejaribu. Isiyo na kifani ukitoa kitu chochote, inabaki isiyo na kifani. Haishuki. Hesabu ndivyo ilivyo."

"Nikifa je?" Mabruki akauliza.

Wote wakamgeukia. Profesa akafikiri, na kwa heshima ya usomi wake akatoa jibu la kweli.

"Kielelezo hakina kufa."

Waliokuwa mbali walidhani ni dua, wakapiga makofi. Kamera zikawashwa. Waziri akampa Mabruki mkono, na kwa kuwa mkono wa Mabruki haukunyanyuka, aliuinua yeye mwenyewe ili picha itoke vizuri.

*

Alifariki siku iliyofuata, wakati wa wimbo wa honi. Siwatu alikuwa amepanda nyuma na kukiegemeza kichwa cha mumewe begani pake. Mabruki alitaka kumwambia neno, na mkewe akasogeza sikio kwa sababu ya makelele. Baadaye, nilipompelekea maji, alinieleza alichoambiwa.

"Amesema, 'Kwa karani ulisema kweli, kwa Waziri ulisema uongo. Ile kweli ndiyo ninayoondoka nayo.'"

Kisha akasema vitunguu hivi vya Chande vinawasha macho. Kweli vilikuwa vinawasha. Sote vilikuwa vinatuwasha, mpaka kwenye basi la njano.

Kumtoa kulikataliwa, kufa hakukuwamo kwenye kielelezo, kwa hiyo alikuwa bado anahesabiwa. Wakamzika ndani ya foleni, katikati ya Kipilefti cha Maendeleo, kwenye maua, ili jumla isiharibike. Sala iliswaliwa kati ya magari, safu zikipinda kufuata maboneti. Chande alishuka kaburini kumpokea, na alipopanda juu hakutaka kusaidiwa. Redio ikatangaza kwamba thamani ya foleni imebaki imara licha ya msukosuko wa muda mfupi katika sekta ya bajaji. Tulipokuwa tunafukia, simu ya Siwatu ikalia ujumbe. Ulitoka hospitali. Ulimkumbusha ndugu Mabruki miadi yake na kumwomba awahi.

*

Siku niliyoamua kuondoka, Chande alikuwa ameng'oa vitunguu vyake kwenye magunia na kuvipanda upya ukingoni mwa barabara, akivimwagilia kwa kopo. "Mavuno yakitoka, mzee, nitakuletea," akasema, kisha akacheka peke yake.

Nsajigwa alikuwa amerudi. Wizara ilitaka kuhuisha takwimu. Akapita kwa madereva mmoja mmoja, tai ile ile, mpaka akafika kwenye bajaji ya buluu. Siwatu alikuwa ameketi kwenye usukani, mikono mapajani, viti vya nyuma vitupu, blanketi limekunjwa.

"Pole, mama yangu," karani akasema, na alimaanisha. Akainua kishikwambi. "Saa yako moja ina thamani gani?"

"Sifuri."

"Maandazi je?"

"Nimeacha. Nilikuwa nayauza nipate pesa ya kumpeleka hospitali."

Akaandika. Kishikwambi kikatoa mlio mdogo wa furaha, na Nsajigwa naye akafurahi, maana hatimaye alikuwa na habari njema ya kumpa mama huyu. Akamwashiria askari. Askari akaondoa koni mbili, akasogeza pikipiki, na mbele ya bajaji, kwenye njia ya pembeni iliyokuwa imefungwa, ikatokea lami tupu, nyeusi, ndefu, mpaka kwenye ngazi za hospitali. Sikuwa nimepata kuiona lami tupu ya upande wetu. Ilikuwa nzuri. Haikuwa na hata shimo moja.

"Uko huru, mama," Nsajigwa akasema. "Nenda."

Siwatu aliitazama ile njia muda mrefu.

"Niende wapi, mwanangu?"

Karani akapekua kishikwambi chake, juu na chini, akarudia tena. Hilo swali halikuwamo.

Nyuma ya bajaji kulikuwa na gari dogo jeupe. Dereva wake ametoa kichwa dirishani, na kwenye viti vya nyuma mtu alikuwa amelazwa, miguu imeegemezwa kwenye kioo. Akapiga honi, akaomba, akapiga tena.

"Mama, tafadhali! Kama wewe huendi, tupishe sisi!"

Nsajigwa akamwinulia mkono, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Tulieni," akasema. "Nyinyi bado mna thamani."